Nilivyoupeleka Upanga wa Babu Unyamwezi

Karatasi niliyopewa na watu wa makumbusho ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Nilijaza kumi bila shida, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Aina ya kifaa: upanga. Kimetengenezwa kwa: chuma, na kipini cha mti kilichozungushiwa waya wa shaba. Hali yake: nzuri, ncha imepinda kidogo. Anayekitoa: Mwanaidi Juma, mwalimu mstaafu, Bagamoyo. Mstari wa mwisho uliuliza mwenye mali wa kwanza. Hapo kalamu ikasimama.

Nilifundisha darasa la tatu karibu maisha yangu yote ya kazi. Mtoto akiandika jibu asilolijua, nilikuwa namwambia: acha nafasi, nenda katafute, nafasi tupu haina aibu. Sasa nafasi tupu ilikuwa yangu, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Baba alikufa zamani. Mume wangu alimfuata. Mimi sikujaliwa mtoto, wala kaka yangu Athumani hakujaliwa. Athumani ndiye aliyekuwa akiutunza upanga, umefungwa kanga chini ya kitanda chake, hadi mwaka jana alipofariki. Tangu tumzike nina mazoea ambayo sijamwambia mtu: nikitoka sokoni, kabla ya kufungua mlango wa nyumba yangu mwenyewe, napiga hodi. Najua hakuna wa kuitikia. Nasema tu, ili nyumba isishtuke.

Hadithi ya upanga tuliijua wote. Kila Idd baba aliutoa, akaupaka mafuta ya nazi, akatusimulia. Babu yake yeye aliitwa Maganga, mtoto mkubwa wa mtemi mmoja wa Unyamwezi. Mtemi alipokufa, kiti kilikuwa cha Maganga, lakini binamu yake akampokonya. Maganga akaondoka na upanga wa baba yake, akafuata msafara wa pembe hadi Bagamoyo, akaoa Mzaramo, hakurudi tena. "Sisi ni watu wa kiti," baba alimalizia hivyo kila mwaka. Nami binti yake, niliyelala kwenye mkeka na kwenda shule pekupeku, niliyashika maneno hayo kama nguo ya sikukuu.

Lakini kwenye karatasi ya makumbusho kitu hakiandikwi kwa sababu baba alisema. Nikaamua kwenda.

Jumatatu, Dar es Salaam. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye stesheni ya treni ya umeme, upanga nimeuviringisha ndani ya mkeka. Mkoba ulipita kwenye mashine ya ukaguzi, mkeka ukakataa. Dada wa ulinzi akaniita pembeni.

"Shikamoo mama. Humu kwenye mkeka kuna nini?"

"Marahaba. Upanga."

"Upanga?"

"Wa babu wa baba yangu. Hii barua ya serikali ya mtaa, na hii ya polisi."

Alizisoma zote mbili, polepole, midomo ikicheza. "Unaupeleka wapi?"

"Tabora. Namtafuta mwenyewe."

"Mwenyewe yupo hai?"

"Ndicho ninachokwenda kuuliza."

Akacheka, kisha akakumbuka kazi yake. Aliniambia upanga utasafiri kwenye chumba cha walinzi, nitaupata Dodoma. Hivyo upanga ukasafiri peke yake behewa la mbele, nami peke yangu behewa la nyuma, kiti cha dirishani, karibu yangu hakuna mtu. Nilikuwa nimekata tiketi moja tu, lakini mkono ulizoea kushika nafasi ya Athumani. Niliweka mkoba hapo hadi Morogoro.

Saa nne hivi tulikuwa Dodoma. Nilipewa mzigo wangu, nikasaini, nikapanda basi la Tabora.

Kwa wasiojua, niwaeleze kidogo njia hii. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo kwa miguu, ikavuka Ugogo ambako maji ni shida, ikaingia Unyamwezi, ikapumzika Tabora. Hapo njia ziligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji kwenye ziwa. Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Waliondoka baada ya mavuno na waliweza kukaa miezi mingi kabla hawajarudi kulima. Mimi nilikaa kwenye kiti chenye kitambaa, nikala mayai ya kuchemsha Manyoni, na baada ya Itigi msitu ukaanza, kilomita baada ya kilomita, miti mikavu yenye majani mapya mekundu kama kutu. Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua haijanyesha. Kila nilipochungulia nilimwona babu Maganga akija upande wa pili, anaelekea nilikotoka, mtu mmoja katika mstari mrefu wa watu. Sikuwahi kujiuliza kabla ya siku hiyo kama alikuwa na mtu wa kuongea naye.

Jioni, Tabora. Nilipata chumba kwenye nyumba ya wageni Mtendeni. Mwenye nyumba aliniuliza, "Uko peke yako, mama?" Nikajibu ndiyo. Akaandika kwenye daftari, nami nikaona ameandika neno hilohilo: peke yake.

Jumanne asubuhi, Gongoni. Nilikuwa nimeelekezwa kwa sonara mmoja mzee, Fundi Swedi, ambaye ukoo wake umefua fedha na shaba mjini humo tangu enzi za misafara. Duka lake ni dogo kuliko jiko langu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kigoda, na hakuuliza shida yangu hadi nilipomaliza kikombe cha kahawa. Ndipo akaufungua mkeka.

Hakuangalia chuma kwanza. Aliangalia kipini. Akavaa miwani, akavua, akavaa lenzi yake ya jicho moja.

"Chuma hiki cha ng'ambo," alisema. "Kilikuja na Waarabu kupitia pwani. Wafanyabiashara waliwapa watemi panga kama hizi ili misafara ipite kwa amani. Lakini kipini si chao. Kipini cha kwanza kilivunjika au kilitolewa, pakawekwa hiki. Njoo uone, mwalimu."

Alinishika kidole, akakipitisha kwenye waya. Ulikuwa mwembamba kama uzi. "Chini ya shaba kuna singa, nywele za mkia wa ng'ombe. Waya unazungushwa juu yake, hivyo hauumi mkono. Mjini hatufanyi hivi. Hii ni kazi ya mafundi wa magharibi, njia ya Ujiji. Na ona, umefungwa vipande vitatu. Mrefu, mfupi, mrefu. Hapa katikati kidole kimoja tu kinaenea. Hiyo ni alama. Fundi hapotezi shaba yake kwa mapambo ya bure."

"Sasa fundi, mwenye mali wa kwanza nimwandike nani? Mwarabu?"

"Mwarabu aliupitisha tu mikononi. Huu ulikuwa bidhaa kama vitambaa na shanga, mpaka siku ulipofungwa kipini hiki. Aliyefungiwa kipini ndiye mwenyewe."

Nilimwomba anitajie wajukuu wa mtemi yeyote wa upande huo. Akafikiri. "Chemchem kuna mzee wa kule, alikuwa reli. Mzee Kapela. Yeye ni mjukuu wa mtemi kabisa, atakuambia mwenyewe hata usipouliza."

Nilipotoka alinionya nisiusugue upanga. Alisema uchafu ulioko kwenye waya ni wa mikono ya watu.

Jumanne alasiri, Chemchem. Mzee Kapela nilimkuta barazani na redio yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lafudhi hii ya pwani. Umetoka wapi?"

"Bagamoyo."

"Na mama yako kabila gani?"

"Mzaramo."

Akazima redio. "Mzaramo! Mtani wangu kanifuata mpaka nyumbani! Basi chai hakuna, kiti hakuna, geuza urudi." Kisha akapaza sauti ndani, "Mama Shija! Leta chai na kiti, kuna mtani wangu hapa, amechoka anataka kufa na mimi sina sanda!"

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu niondoke, labda na tangu kabla ya hapo. Utani wa makabila yetu ulizaliwa kwenye njia hiyohiyo ya misafara, Wanyamwezi wakishuka pwani na watu wa pwani wakiwapokea, na bado unamfanya mgeni awe na mahali pa kukaa. Mama Shija, mkwewe, alileta chai ya tangawizi na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani kisha vikachemshwa. Nikala, halafu nikasimulia yote kama baba alivyosimulia: Maganga, kiti, binamu dhalimu.

Mzee Kapela alianza kucheka nikiwa katikati. Nilipofika kwa binamu alikuwa ameweka kikombe chini ili asikimwage.

"Mwalimu," alisema, "nani kakwambia mtoto wa mtemi anarithi?"

"Si mtoto wake mkubwa?"

"Hata awe mkubwa kama nyumba! Sikiliza. Kwetu kule zamani, mtemi akifa, kiti kinakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mtoto wa dada, damu yake haina maswali, maana ametoka tumbo la nyumba ileile. Watoto wa mtemi mwenyewe tunaitwa wanangwa. Tunapewa vijiji vya kuangalia, tunaheshimiwa, tunakula vizuri. Kiti, hapana. Na vitu vya kiti vinafuata kiti."

"Tunaitwa, mzee?"

"Mimi ni mwanangwa! Baba yangu alizaliwa na mtemi. Unaniona nina upanga? Nina redio."

Nilijaribu kucheka naye, nikashindwa. Nilikuwa napiga hesabu kichwani kama nilivyokuwa nawafundisha watoto, hatua kwa hatua. Kwa hiyo yule binamu alikuwa mtoto wa dada. Kwa hiyo alikuwa mrithi halali. Kwa hiyo kiti hakikuwa cha Maganga hata siku moja, wala upanga. Sisi pwani, ambako baba humrithisha mwanawe, tulikuwa tumeisoma hadithi ya bara kwa macho ya pwani, vizazi vyote hivyo, na kila Idd tulikasirika upya kwa dhuluma ambayo haikuwahi kutendeka.

"Basi aliuiba," nikasema.

Mzee Kapela akaacha kucheka. "Neno hilo umelisema wewe. Kunywa chai, inapoa."

Kisha akasema, "Wewe umekuwa ukiuliza watoto wa mtemi, ndiyo maana unaletwa kwa watu kama mimi. Uliza dada. Nikuambie kitu. Kule kwetu, mbele ya Usoke, kuna nyumba ya bibi mmoja ambamo unatunzwa upanga wa mti. Nimeuona nikiwa kijana. Nilidhani ni mchezo wa watoto, nikapigwa kofi. Sikuwahi kuuliza kwa nini wa mti."

Akachukua simu, akampigia mwinjilisti wa huko, akamwambia kwamba mimi nitakwenda huko kesho.

Jioni hiyo, baada ya magharibi, nilikaa kitandani Mtendeni na upanga magotini. Niseme ukweli, maana nataka kusimulia safari yote. Nilifikiria kurudi nyumbani. Kwenye karatasi ningeandika Maganga, mwana wa mtemi, na hakuna mtu duniani ambaye angenisahihisha. Upanga ungewekwa kwenye kabati la kioo, jina la ukoo wetu chini yake, na nami ningeweza kwenda kuutazama kila nikikumbuka nyumbani kwetu. Nikiupeleka huko mbele nilijua nitaurudisha mkeka mtupu. Ulikuwa ndio kitu cha mwisho kilichokuwa na mikono ya baba na ya Athumani juu yake. Niliinusa ile shaba. Ilinuka mafuta ya nazi.

Halafu nikakumbuka mtoto mmoja wa darasa langu, miaka mingi nyuma, aliyefuta jibu sahihi la mwenzake akaandika lake kwa wino. Nilimrudisha ubaoni mbele ya wote. Nikazima taa.

Jumatano, njia ya Usoke. Basi liliondoka saa mbili asubuhi. Mwinjilisti Yohana, Mmoraviani, mtu mzima mwenye kofia ya pama, alinipokea barabarani na pikipiki yake. Aliniomba jambo moja: nikiandika habari hizi nisikitaje kijiji wala jina la mtemi. Jina lile hutajwa kwenye tambiko tu, na kitu cha kale kikijulikana kilipo, wezi hawakawii. Nilikubali, na ndiyo maana hamtayaona hapa.

Mahali fulani tulizima pikipiki tukatembea. Alitaka nione njia ya zamani. Nilitarajia barabara, nilionyeshwa mfereji mpana, hauna kina, umejaa majani, unapita kati ya miti na kupotea kwenye shamba la tumbaku. Mizinga ya nyuki ilining'inia juu yetu. Hakukuwa na jiwe la kumbukumbu wala kibao. "Ardhi imeshuka hapa kwa sababu ya miguu," mwinjilisti alisema. Nilivua viatu nikasimama humo dakika chache. Udongo ulikuwa wa moto. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia nyuki.

Kabla ya adhuhuri tukafika. Nyumba ya bati, ua uliofagiwa, mlango wazi. Mwinjilisti alibaki na pikipiki. Nikasimama kwa adabu mbali kidogo na kizingiti.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Kuku wakakimbia.

"Hodi jamani wenyewe!"

"Karibu basi!" sauti ilijibu. "Hodi tatu kama polisi! Ingia, nani wa kukuzuia?"

Bibi Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya njugumawe kwenye ungo. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alinigeuzia sikio badala ya uso. Nikapiga magoti, nikamwamkia, akaitikia na kuupapasa mkono wangu hadi kwenye kiwiko.

"Mkono wa chaki huu," alisema. "Mwalimu. Kapela amesema unaleta kitu. Usikifungue bado. Niambie, ukishika kipini chake, vidole vinasikia nini?"

Nikafumba macho ili nijibu vizuri. "Waya. Sehemu ndefu, halafu fupi, halafu ndefu. Pale kwenye fupi kinaenea kidole kimoja."

Aliweka ungo chini. Akaingia chumbani akishika ukuta, akarudi na kitu kilichofungwa kaniki nyeusi, akanipa. Ulikuwa upanga wa mti wa mninga, umelainika kama mpini wa jembe la miaka mingi. Hapakuwa na shaba, lakini aliyeuchonga alichora mistari kwenye kipini kwa kisu, mstari kwa mstari, kuiga waya. Mrefu. Mfupi. Mrefu. Kidole changu kikaingia mahali pake.

Ndipo akaniambia yaliyotokea, kama alivyoambiwa na bibi yake. Mama wa bibi huyo alikuwa dada wa mtemi aliyefuata, yule ambaye kwetu tulimwita binamu dhalimu.

"Mtemi alipokufa, kabla hajazikwa, mwanawe Maganga alilala mlangoni analia. Asubuhi hayupo, na upanga haupo. Msafara wa pwani ulikuwa umepita."

"Wakasema ni mwizi."

"Wengine walisema. Bibi yangu alikataa. Alisema, mfikirieni. Ng'ombe wa baba yake ni wa wapwa. Nguo za baba yake ni za wapwa. Hata kile kiti alichopakatwa akiwa mdogo, cha wapwa. Akachukua kimoja."

Nje mwinjilisti alikuwa anamwita jirani Mwislamu aje achinje kuku, ili mgeni aweze kula.

"Sasa mrithi lazima atawazwe," Bibi Nyamizi aliendelea. "Wakachonga huu wa mti. Wakasema ni wa muda tu, wa chuma utarudi. Ukamtawaza yule, ukamtawaza aliyemfuata, mpaka utemi ukafutwa na serikali baada ya uhuru. Muda wenyewe ndio huu, umeingia wewe."

Nikaufungua mkeka, nikauweka upanga wa chuma kwenye mapaja yake. "Ni wenu, bibi. Nimeuleta."

Aliupapasa wote, kutoka kwenye ncha iliyopinda hadi kwenye kipini. Alipozungumza hakuonekana kufurahi kama nilivyotarajia.

"Mzuri," alisema. "Lakini hauwajui watu wetu. Wote waliotawazwa baada ya hapo walishika huu wa mti. Wa chuma haujamshika mkono hata mmoja wao."

Nilikuwa nimekuja nao kutoka baharini, nimeshinda usiku mmoja wa kutaka kuiba mara ya pili. "Basi hamuutaki?"

"Nani kasema hatuutaki? Cha kwetu ni cha kwetu. Ila utalala chini na wa mti utalala juu yake. Mkubwa ni yule aliyebaki nyumbani." Halafu akanigeuzia sikio tena, na kona ya mdomo ikapanda. "Na huyu mjukuu wa mwizi wetu anaitwa nani?"

"Mwanaidi, bibi."

"Umechelewa, Mwanaidi. Tumekungoja mpaka macho yakaisha."

Alhamisi asubuhi. Nililala pale, kwenye kitanda cha kamba, chumba kimoja na panga mbili zilizofungwa pamoja. Kulipokucha niliomba kuonyeshwa alikozaliwa Maganga. Bibi akanionyesha kwa fimbo, bila kuona, lakini bila kukosea: shamba la muhogo nyuma ya kisima. Ndiko ilikokuwa nyumba ya mama yake. Nilikwenda peke yangu. Hakuna kitu pale. Matuta, mihogo, kichuguu kimoja. Nilisema jina langu kwa sauti, na la baba, na la Athumani. Sijui kama ni sawa kufanya hivyo. Upepo ulikuwa mdogo, mihogo ikatikisika kidogo, nikarudi.

Wakati wa kuaga nilitoka hadi uani, kisha nikakumbuka nimesahau miwani. Nikarudi mlangoni, nikaita, "Hodi!"

Bibi Nyamizi akapiga ungo wake kwa kiganja. "Hebu acha! Jana nilikusamehe kwa sababu ulikuwa mgeni. Mwanangwa hapigi hodi kwenye nyumba hii. Kiti hana, lakini mlango ni wake, usiku na mchana. Hiyo ndiyo haki yake. Maganga angeikumbuka asingekwenda mbali vile."

Nikaingia bila kusema neno. Miwani ilikuwa dirishani.

Kurudi. Basi la Tabora, basi la Dodoma, treni. Dada wa ulinzi wa Dodoma aliukunjua mkeka, akaona mtupu, akanirudishia. Safari hii hakuna aliyetenganishwa na mzigo wake. Nilitazama msitu ule mwekundu ukirudi nyuma, na mara hii nilikuwa naelekea alikoelekea Maganga. Sikuwa na furaha ya aliyeshinda. Nilikuwa na wepesi, na wepesi wakati mwingine unafanana sana na njaa.

Wengi wenu mna kitu nyumbani, kikoi, kikombe, sanduku, chenye hadithi msiyoihakiki. Nawaambia kama nilivyowaambia watoto: msiogope kuuliza. Ila ulizeni kwa utaratibu wa watu waliokitengeneza. Mimi nilibeba swali la pwani hadi bara, na nilikuwa napotea kila mtaa mpaka mtani wangu aliponicheka. Huenda mkapata jibu ambalo si zuri kwenu. Na huenda, mkivumilia kukaa mpaka chai iishe, nyuma ya jibu hilo mkamkuta mtu aliyekuwa akilia mlangoni.

Watu wa makumbusho niliwarudishia karatasi yao. Mstari wa mwisho nilijaza: dada wa mtemi, na watoto wake. Kwenye mstari wa anayekitoa nilipiga mstari juu ya jina langu, nikaandika kwamba kifaa kimerudi kwao. Kijana wa mapokezi alihuzunika. Aliniuliza kama hata picha sina. Sina.

Nilifika nyumbani Bagamoyo jioni, jua limeshuka, mkeka begani. Nikatoa ufunguo. Mdomo ulikwisha funguka kusema lile neno. Nikaufumba, nikafungua mlango, nikaingia.